Riba ya 17% ilienda wapi, na pesa yako ya bondi iko vipi saa hii

Swali ninaloulizwa sana siku hizi ni moja tu: riba ya serikali ilienda wapi? Mwaka 2024 mtu alikuwa anaweka pesa kwa hati za Hazina za siku 364, yaani anaikopesha serikali kwa mwaka mmoja (bondi ni mkopo kama huo wa miaka mingi), anapata karibu 17%, sasa anarudi na pesa ile ile anaambiwa chini ya 10%. Mimi kazi yangu ni kununua na kuuza bondi hapa Nairobi kwa hivyo acha nieleze pole pole, maanake hii kitu inagusa chama, inagusa sacco, inagusa pensheni ya mzazi wako na hata mkopo wa pikipiki.

Rudi Januari 2024. Dola ilikuwa imefika kama shilingi 160 na soko lote lilikuwa linaangalia mwezi mmoja tu, Juni, ambapo Kenya ilitakiwa kulipa Eurobond, yaani bondi ya dola inayouzwa nje ya nchi, ya dola bilioni 2 iliyokopwa 2014, na watu walikuwa na wasiwasi wa kweli kama pesa hiyo itapatikana. Sasa mkopaji akitiliwa shaka riba yake inapanda, haijalishi ni serikali ama ni jirani yako. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 mpya kwa zaidi ya 10%, ikanunua sehemu kubwa ya ile ya zamani, mwezi huo huo Benki Kuu ikapandisha riba yake, ile inayoongoza riba zingine zote sokoni, hadi 13%, na ikatolewa bondi ya miundombinu ya miaka 8.5 yenye riba ya 18.46% bila kodi. Hazina iliomba shilingi bilioni 70, watu wakaleta zaidi ya bilioni 280, ikachukua zaidi ya bilioni 240. Wageni walileta dola zao kununua hiyo bondi na ndani ya wiki chache shilingi ikapata nguvu tena, ikaja kutulia karibu 130 kwa dola.

Baada ya hapo hofu ikaisha na riba ikaanza kufuata. Bei za vitu zilipoacha kupanda kwa kasi, Benki Kuu ikapunguza mara ya kwanza Agosti 2024, ikaendelea hivyo mkutano baada ya mkutano, na kufikia Disemba 2025 ilikuwa 9%.

Hapa ndipo naona watu wengi wanaumia bila kuelewa. Mweka hazina wa chama fulani cha kina mama alinionyesha simu yake, ameingia kwa DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununulia hizi hati, akaniuliza, "Mwanangu, mbona sisi hatujagusa kitu na faida imepungua hivi?" Nikamwambia mama, tatizo ni huko kutogusa. Chama chao kilikuwa kinazungusha hati za mwaka mmoja, zikiiva wananunua zingine kwa riba ya siku hiyo. Tufanye hesabu yake. Hati ya siku 364 hununuliwa kwa punguzo, kwa hivyo ile ya 100,000 kwa riba ya 16.9% ulikuwa unalipa kama 85,600, ukingoja mwaka upate laki kamili, ukitoa kodi ya 15% ya ile faida unabaki na kama 12,260 mfukoni. Kwa riba ya 9.5% unalipa kama 91,350 na baada ya kodi unabaki na kama 7,350. Laki ni ile ile, na hakuna mtu ameiba.

Ni kama kupangisha nyumba, mwenye mkataba wa mwaka mmoja kodi ya nyumba ikishuka mtaani mpangaji anarudi kujadiliana naye, mwenye mkataba wa miaka minane anaendelea kupokea ile bei ya zamani. Aliyenunua ile bondi ya Februari 2024 bado anapokea 18.46%, inaingia kila miezi sita, haijali Benki Kuu imekutana ama haijakutana. Ndio maana mtu akiniuliza riba ni ngapi, mimi nauliza kwanza unaifunga kwa muda gani. Kwangu muda ndio wenye uzito kushinda ile namba ya riba yenyewe, na ndio kitu watu huangalia mwisho kabisa.

Lakini muda una upande wake mwingine na lazima niuseme wazi. Chukua bondi ya 100,000 ya miaka 10 inayolipa 16%. Soko likishuka hadi 12%, kila mtu anaitaka hiyo yako, na bei yake inapanda hadi kama 122,900. Ingekuwa imebakisha miaka 2 tu ingefika kama 106,900, kwa sababu utamu umebaki kidogo. Sasa geuza: umenunua ya miaka 10 kwa 12% halafu riba zinapanda hadi 16%, siku hiyo ukitaka kuuza utapewa kama 80,400. Ukingoja hadi mwisho utalipwa laki yako yote pamoja na riba, ila kama ni pesa ya fii ya Januari hautaweza kungoja. Kwa hivyo pesa ya karibu iweke kwa hati fupi ama mani maketi (mfuko wa pamoja unaowekeza kwa muda mfupi) hata kama riba ni ndogo, pesa ya mbali ndio ya bondi ndefu.

Kosa lingine naliona kila Hazina ikifungua tena bondi za zamani. Mtu anaona "18%" kwa tangazo, anakimbia, hajui hiyo bondi sasa inauzwa juu ya 100, yaani bondi ya laki unaweza kuilipia hata 120,000. Hiyo 18% inahesabiwa kwa ile laki ya mwanzo wala si kwa hizo pesa zaidi ulizotoa, na mwisho utarudishiwa laki, si 120,000. Tena bondi nyingi za miundombinu hurudisha mtaji kidogo kidogo kabla ya mwaka wa mwisho, kwa hivyo ile riba tamu inafanya kazi juu ya pesa inayopungua. Uliza mapato hadi kuiva, yaani faida yako halisi kwa mwaka ukihesabu bei uliyolipa na kukaa nayo hadi mwisho, ni ngapi baada ya kodi. Bondi za kawaida za chini ya miaka 10 zinakatwa 15%, kuanzia 10 kwenda juu zinakatwa 10%, za miundombinu hazikatwi, na ukilinganisha bila kuweka hiyo kodi ndani utachagua vibaya.

Tuje kwa wenye mikopo, ambao nahisi uchungu wao zaidi. Serikali sasa inakopa kwa bei nafuu lakini wao wanasema benki haijawashushia, na wana haki kulalamika. Riba ya wastani ya mikopo ya benki ilikuwa 17.2% Novemba 2024, katikati ya 2025 ilikuwa bado iko juu ya 15%, ilhali hati za siku 91 zilikuwa zimeshuka kutoka karibu 16% hadi 8% na kidogo. Benki zilikuwa zimejifunga na amana ghali za 2024, hiyo ni kweli, lakini haielezi pengo lote. Benki Kuu ilizikaripia hadharani, ikapunguza akiba ya lazima, ile sehemu ya amana ambayo benki lazima ziweke kwake, kutoka 4.25% hadi 3.25%, halafu 2025 ikaleta utaratibu mpya ambapo mkopo wa riba inayobadilika unafungwa kwa KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki zinakopeshana kwa usiku mmoja, juu yake benki inaongeza sehemu yake inayoitwa K. KESONIA haiko mikononi mwa benki yako, K ndio iko. Ukipewa barua ya mkopo tafuta hiyo K, uliza ni ngapi na kwa nini, halafu nenda benki nyingine mbili uulize hivyo hivyo kabla hujaweka sahihi.