Manowari ndogo za LCS: yasemwayo na yaliyokuwa

Ukitaja chombo cha kuteremshia askari katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wengi huona picha moja: boti bapa kama tishari, mlango wa mbele unaangukia mchangani, askari wanatoka mbio. Picha hiyo ni sahihi kwa boti nyingine. Kwa LCS (Landing Craft Support, yaani chombo cha kusaidia uteremshaji) za Jeshi la Majini la Marekani, vyombo 130 vilivyoingia kazini mwaka 1944 na 1945, inapotosha kabisa.

"LCS ilikuwa ikishusha askari ufukweni"

Hiyo haikuwa kazi yake. Bodi yake ilitokana na ile ya LCI, chombo kilichobeba askari wa miguu, lakini mahali pa abiria palijazwa silaha: mizinga ya milimita 40 na 20, bombom, na roketi. Neno la kuteremsha lilibaki kwenye jina kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwalinda wanaoteremka.

Sababu ya kuihitaji ilionekana Tarawa, katika Bahari ya Pasifiki, tarehe 20 Novemba 1943. Siku ile maji yalikuwa mafu, hayakujaa vya kutosha, na mtu wa pwani ameshaelewa kilichofuata. Boti zilizotarajia kupita juu ya mwamba zilikwama. Askari wakashuka mbali na ufuko, wakatembea majini mamia ya mita, bombom za Wajapani zikiwaelekea. Tena, boti zinapokaribia nchi kavu manowari kubwa hulazimika kunyamazisha mizinga yao, zisije zikawapiga wenzao. Katika dakika hizo za ukimya aliyejificha handakini hutoka na kushika silaha yake. Ndani ya siku tatu Wamarekani zaidi ya 1,000 walikufa kwenye kisiwa ambacho mtu hukizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali.

Kilichotakiwa basi ni chombo cha kutangulia mbele ya boti, kisichohitaji kina, kikiendelea kupiga mpaka dakika ya mwisho. LCS ilikuwa na urefu wa mita 48 hivi, ikizama majini takriban mita 2 tu, na mabaharia wapatao 70.

"Roketi zake zililengwa kama mizinga"

Hapana. Omoni kulikuwa na vyombo 10 vya kurushia, kila kimoja roketi 12, jumla 120 kwa mkupuo mmoja. Havikugeuzwa huku na huku. Kilichogeuzwa ni chombo chenyewe, kwa hiyo aliyeshika usukani ndiye aliyekuwa mlenga shabaha. Na kwa kuwa roketi zile zilifika kilomita moja hivi, ilibidi kusogea mpaka bunduki za ufukweni nazo ziweze kukufikia.

"Adui hakuwa na haja na vyombo vidogo"

Ghuba ya Mariveles, Ufilipino, usiku wa kuamkia 16 Februari 1945. LCS zilikuwa zimetia nanga kulinda mlango wa bandari. Kutoka kisiwa cha Corregidor zikaja boti ndogo za Kijapani zilizosheheni baruti, kila moja na mtu aliyekubali kufa nayo. LCS-7, LCS-26 na LCS-49 zilizama usiku uleule.

"Kazi yake iliishia ufukweni"

Hili ndilo kosa linaloniuma zaidi, maana linafuta sehemu kubwa ya damu iliyomwagika. Vita vya kisiwa cha Okinawa, Japani, vilipoanza, 1 Aprili 1945, LCS nyingi zilipelekwa mbali na ufuko, kwenye vituo vya doria vilivyozunguka kisiwa. Pale destroya zenye rada ziliziona mapema ndege za kamikaze, ambazo marubani wake walijitoa mhanga kwa kujigongesha kwenye meli, na kutoa taarifa, nazo LCS zilikaa kando yao kuongeza mizinga. Marubani wa Kijapani walikutana na vituo hivyo kabla ya kuufikia msafara mkuu, na wengi waliangukia hapohapo. LCS-33 ilizama 12 Aprili, LCS-15 tarehe 22 Aprili. Tarehe 16 Aprili, destroya Laffey iliposhambuliwa mfululizo, LCS-51 ilikuwa kituo kimoja nayo. Ndege moja ililipuka karibu nayo kiasi kwamba injini yake ilijikita ubavuni mwa LCS hiyo.

Zilikuwa na pampu za kuzimia moto, ziliweza kuvuta meli iliyoumia, na ziliokota watu baharini. Mabaharia wa destroya waliziita wabeba jeneza, kwa kuwa zilisogea karibu meli ilipokuwa inakufa. Tarehe 10 Juni destroya William D. Porter ilizama, na wote waliokuwamo wakaokolewa. Miongoni mwa waliowaokoa ni LCS-122 ya Luteni Richard McCool. Jioni ya pili yake ndege mbili ziliielekea LCS-122 yenyewe. Moja iliangushwa, ya pili ikagonga mnara wa uongozi. McCool, ameungua na kujeruhiwa na vyuma, alipata fahamu akaongoza uzimaji wa moto, akawatoa watu waliozingirwa na ndimi zake, mmoja akimbeba yeye mwenyewe. Alipewa Nishani ya Heshima, ya juu kabisa nchini mwake, akaishi mpaka 2008.

"Baada ya vita zote ziligeuzwa vyuma chakavu"

Nyingi ndiyo. Nyingine zilikwenda Ufaransa kwa vita vya Indochina, kisha Vietnam Kusini, zikafanya doria mitoni. Kadhaa zilikopeshwa Japani.

LCS-102 ilishushwa majini Portland, Oregon, Februari 1945, ikapigana Okinawa. Mwaka 1953 Wajapani waliipokea na kuiita Himawari, yaani alizeti, na mabaharia wa Kijapani wakaisafisha mizinga iliyowahi kuelekezwa kwa ndege za nchi yao. Mwaka 1966 ikaenda Thailand, ikaitwa Nakha, ikatumika miongo minne. Mwaka 2007 ilirudi Marekani, na sasa ipo Mare Island, California, ambako wazee waliowahi kuhudumu kwenye LCS walianza kuikwangua kutu na kuipaka rangi kwa mikono yao wenyewe.