Mmea uko chini, si juu: dhana potofu kuhusu mimea ya kigeni inayomwaga machipukizi

Chipukizi la kwanza huwa halitokei ulipopanda. Linachomoza katikati ya njia, ndani ya nyasi, au kwenye upenyo kati ya ukuta na sakafu ya baraza. Unalikata, unaendelea na shughuli zako, na baada ya wiki tatu yako manne. Hapo ushauri unaanza kumiminika, kila mtu na wake: mwaga chumvi, mwaga dizeli, chimba, funika, choma. Sehemu kubwa ya ushauri huo inatokana na kosa moja la macho. Tunatazama kilicho juu ya udongo ilhali mmea wenyewe, pamoja na akiba yake yote ya chakula, uko chini.

“Hii ni miche mipya, imejiotea”

Chutama, ondoa udongo kwa vidole. Mche wa mbegu una mzizi wake mwembamba unaoshuka chini, na ukiuvuta taratibu unatoka mzima. Chipukizi halikubali hivyo. Linakatikia mkononi, na ukizidi kufukua unakuta limekaa juu ya kamba iliyolala, inayotokea upande mmoja na kuendelea upande wa pili. Ifuate kamba hiyo hatua tano au sita, utafika kwa mama yake.

Kamba hizo si za aina moja. Mianzi, mnanaa na tangawizi za mapambo hutambaa kwa rizomu, yaani shina lililolala ardhini, lenye vifundo na macho kama yale ya kwenye kipande cha tangawizi. Miti kama Ailanthus altissima na Rhus typhina, au kile kichaka chenye majani makubwa kama mwavuli kiitwacho Tetrapanax papyrifer, huchipua kwenye mizizi yenyewe. Kwenye mzizi huoni vifundo, na chipukizi linaweza kutoka popote mzizi ulipopita, hasa ulipojeruhiwa. Ndiyo maana mtu anayepiga jembe kwa nguvu kuuzunguka mti wa namna hiyo, akidhani anasafisha, huishia kuwa na kitalu asichokiomba.

Iwe rizomu au mzizi, mwili ni mmoja. Kule Utah, Marekani, kuna msitu unaoitwa Pando wa miti aina ya Populus tremuloides: mashina yapatayo 47,000 kwenye eneo la hekta 43 hivi, na yote kinasaba ni mti mmoja. Bustani yako ni Pando dogo. Kwa hiyo anayepaka dawa ya kuua magugu kwenye chipukizi la mti anaoupenda ajue kwamba anamnywesha na mama. Nimeuona mti uliokauka upande mzima kwa sababu hiyo, na mwenyewe alikuwa bado analaumu jua.

“Kata mti mkubwa, watoto watakufa wenyewe”

Nikiulizwa ni dhana ipi imeharibu bustani nyingi kuliko zote, nitaitaja hii.

Ncha za matawi ya mti hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka kupitia shina hadi kwenye mizizi. Kazi yake mojawapo ni kuyazuia macho ya chini yasiamke. Mti mkubwa ukiwa umesimama, macho mengi kwenye mizizi yake yamelala. Ukiuangusha kwa msumeno, auksini inakatika siku hiyohiyo, wakati mizizi imejaa wanga na sukari iliyowekwa kwa ajili ya mti mzima. Chakula kipo, kizuizi hakipo. Macho yanaamka kwa pamoja. Wanaoijua Ailanthus wanakwambia kwamba kisiki kimoja kinaweza kujibu kwa machipukizi kadhaa, mengine mita nyingi kutoka kilipo.

Basi ubadilishe mpangilio wa kazi. Kama umeamua kutumia dawa inayosafiri ndani ya mmea, kama glaifoseti, itie mti ukiwa bado umesimama, kuelekea mwisho wa msimu wa ukuaji, wakati majani yanapeleka sukari chini kuihifadhi. Dawa inapanda gari hilohilo la sukari hadi mizizini. Ukiipuliza mwanzoni mwa msimu, wakati chakula kinapanda juu kulisha majani mapya, utachoma majani tu na mizizi itabaki salama. Kwa miti, njia inayotumika sana ni kuchanja gome kwa shoka dogo kuzunguka shina na kutia dawa kidogo kwenye kila chanjo, huku ukiacha gome zima kati ya chanjo na chanjo. Ukilikata gome duara zima umefunga barabara uliyotaka dawa ipite. Subiri hadi mti ukauke kabisa, ndipo ulete msumeno. Soma karatasi ya dawa, vaa glavu, usipulize siku ya upepo.

Na kama hutaki dawa kabisa, ipo njia nyingine, ila inataka mtu mbishi.

“Kukata hakusaidii kitu”

Wanaosema hivi wamejaribu kweli, lakini wamekata kwa wakati usiofaa. Chipukizi linapochomoza halijilishi. Kila sentimita linalopanda inalipwa kutoka kwenye akiba ya chini, mpaka majani yafunguke na kuanza kupika chakula chenyewe. Siku majani yanapofunguka, deni linaanza kurudishwa. Ukikata wiki mbili baada ya hapo, mmea umeshajaza ghala upya, na wewe umefanya kazi ya kinyozi.

Kata kabla majani hayajafunguka, rudia, rudia tena. Kila mzunguko ghala linapungua. Mwanzi unaonyesha jambo hili vizuri kuliko mmea wowote: bua la Phyllostachys hufikia urefu wake wote ndani ya miezi miwili hivi, na halinenepi tena maishani mwake. Lote limejengwa kwa akiba. Likikatwa likiwa refu lakini bado halijatoa majani, mmea umetumia gharama yote bila kupata faida yoyote. Machipukizi ya duru inayofuata huwa membamba zaidi, na wembamba huo ndio kipimo chako. Yakiwa kama penseli leo na msimu ujao kama njiti, endelea, unashinda. Yakibaki unene uleule, kuna mahali majani yanafunguka bila wewe kujua, mara nyingi nyuma ya banda au kwa jirani.

Jirani huyo mhusishe mapema. Ukikata upande wako tu na yeye akaacha upande wake, ghala ni moja na linajazwa kutoka kwake.

Kuna tofauti ndogo kwenye mimea iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa juu ya shina na mizizi ya mmea mwingine, kama waridi na miti mingi ya matunda. Hapo chipukizi la chini ni la mti uliobeba, si la ule ulioununua, na likiachwa litautawala mmea wote. Usilikate kwa mkasi usawa wa udongo. Fukua mpaka linapounganika na mzizi, lishike, linyofoe kwa kuvuta kuelekea chini. Likitoka na kijipande cha ngozi kama kisigino, umeng'oa pia macho madogo yaliyolizunguka. Mkasi unayaacha, na kesho mahali pa moja yatatoka matatu.

“Haina mbegu, itaenea vipi?”

Reynoutria japonica, mmea unaotambaa kwa rizomu, ndiyo inayojibu swali hili. Philipp Franz von Siebold aliileta Ulaya kutoka Japani, na mwaka 1847 mjini Utrecht ilipewa medali ya dhahabu kama mmea mpya wa mapambo unaovutia. Watu waliipanda kwa fahari. Nchini Uingereza mimea ya aina hiyo ni jike tupu, nakala za mmea mmoja, hata hivyo imefika karibu kila kona ya nchi. Imesafiri ndani ya udongo uliohamishwa, kwenye kingo za mito, na kwenye takataka za bustani zilizotupwa vichakani. Kipande cha rizomu chenye uzito wa gramu 0.7 kinatosha kuanzisha mmea mpya.

Ndiyo sababu mashine ya kulimia ni hatari kwenye eneo lenye rizomu. Inakatakata kamba moja kuwa mia na kuzisambaza kwa usawa, kazi ambayo mkulima hodari angeifanya kwa siku tatu. Tumia uma wa bustani, inua kamba nzima, ifuate mpaka mwisho. Unachokitoa usikipeleke kwenye lundo la mboji kikiwa kibichi. Kitaota humo na kunawiri. Kitandaze juu ya saruji au bati juani, kigeuze, mpaka kikivunjwa kinalia kama kijiti kikavu.

“Mizizi yake inatoboa saruji na kubomoa nyumba”

Hii ni chumvi iliyozidi upande wa pili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba Reynoutria haina madhara makubwa kwa majengo kuliko mimea mingine, na kwamba miti ya kawaida huharibu zaidi. Chipukizi linatafuta ufa uliokwisha kuwepo, linapenya, kisha linaupanua. Kwenye saruji nzima linazunguka. Ziba nyufa, acha kukosa usingizi.

“Mianzi yote ni wakorofi”

Hapana, na hapa nina kisa changu. Muuza miche mmoja aliniuzia mwanzi akiniapia kwamba “huu hautembei”. Ulitembea. Ningeutoa kwenye chungu na kuuangalia chini, nisingehitaji kiapo chake. Mianzi ya vishungi, kama jamii ya Bambusa na Fargesia, ina rizomu fupi, nene, zinazopinda juu mara moja na kuwa bua jipya. Kishungi kinapanuka polepole kama duara. Mianzi inayokimbia, kama Phyllostachys, ina rizomu ndefu nyembamba zinazopiga mstari ardhini kabla ya kuchipua. Mwanzi wa kukimbia uliokaa chunguni muda mrefu utakuonyesha kamba za rangi ya maziwa zikizunguka ukuta wa chungu kama nyoka aliyejikunja. Ukiziona hizo, muulize muuzaji tena.

Kishungi nacho si malaika. Kipandwe sentimita hamsini kutoka ukutani na baada ya miaka kitauegemea. Kinachokiponza ni uvivu wa kupima tu.

“Nikikizungushia kizuizi, nimemaliza”

Kizuizi hakizuii, kinageuza njia. Rizomu za mianzi nyingi hukaa kwenye sentimita 30 za juu za udongo, ndiyo maana wataalamu hushauri plastiki nzito ya kina cha sentimita 60 hadi 70, iinamishwe kidogo kuelekea nje kwa juu, na ibaki sentimita 5 hivi juu ya udongo. Rizomu ikigonga plastiki iliyoinama hivyo inapanda juu badala ya kupiga mbizi, na pale juu utaiona ikijaribu kuruka ukingo. Ni lazima uwepo kuiona. Kizuizi kilichofukiwa chote kabisa ni daraja lililofichwa. Bati linaoza, matofali yana viungio, na ncha za plastiki zisipofungwa vizuri ndipo mwanzi unapotokea.

Binafsi napenda mtaro kuliko plastiki. Chimba kuuzunguka mmea upana wa koleo na kina cha sentimita 30, ujaze mchanga au majani makavu, na mara mbili kwa mwaka pitisha koleo ndani yake. Kila rizomu inayovuka utaihisi kwenye mpini. Ikate, itoe, endelea. Ni kazi ya asubuhi moja, na hakuna cha kuoza.

Chungu nacho hakiaminiki kikikaa juu ya udongo. Rizomu inatoka kwenye tundu la maji kimyakimya. Kiinue juu ya matofali.

“Chumvi au dizeli itamaliza mchezo”

Itamaliza udongo. Mizizi yenye akiba inaweza kusubiri. Nyasi, mboga na minyoo yako haiwezi, na mvua itabeba kilichobaki hadi kwa jirani.

“Cha kigeni ni adui, cha asili ni rafiki”

Pando ni mti wa asili kabisa wa huko Utah. Kuchipua mizizini ni namna ya kuishi na hakuna uhusiano na pasipoti. Mgomba unachipua, na tunaushukuru. Tofauti ya mmea wa kigeni ni kwamba huenda wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiupunguza kasi kwao hayakusafiri nao, kwa hiyo ukitoroka bustanini unakimbia bila breki. Umoja wa Ulaya uliiweka Ailanthus altissima kwenye orodha yake ya viumbe vamizi mwaka 2019, na kuanzia hapo kuiuza na kuipanda humo ni marufuku. Kabla ya kununua, angalia sheria ya mahali ulipo inasemaje kuhusu mmea huo, na utafute kwa jina lake la kisayansi. Majina ya sokoni hubadilika kila muuzaji anapotaka.

“Mwaka mzima sijaona hata moja, yamekwisha”

Huenda. Vipande vya rizomu vinaweza kulala muda mrefu na kuamka udongo ukiguswa, kwa hiyo usiharakishe kuchimba shimo la mti mpya palepale. Panda nyasi, zikate kila mara, na uendelee kupita. Anza na sehemu ambazo koleo halikufika: chini ya vyungu, kando ya msingi wa nyumba, nyuma ya tangi la maji. Chipukizi la wakati huo huwa jembamba, jeupe kwa chini, na linatoka kwa vidole viwili.