Chembe-nano za Fedha Hupima Mmea, Hazithibitishi Dawa

Malalamiko yanayotufikia maabara siku hizi yana sura moja. Mtu analeta chupa ya dawa ya mitishamba, tunaipima, anachukua majibu, kesho yake anarudi amefura: "Rangi imekolea, mmeona wenyewe, mbona hamuandiki kwamba inatibu?" Hatuandiki kwa sababu hatukupima hilo.

Kinachokolea ni chembe-nano za fedha, yaani vichembe vidogo mno tunavyotumia kupima kiasi cha polifenoli, kemikali fulani za mimea. Fedha ya madini, si pesa. Majani, tuseme ya mwarobaini, hukaushwa kivulini, gramu 10 zikachemshwa katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa (yaliyosafishwa kwa mvuke), kisha yakachujwa. Supu hiyo huchanganywa na nitrati ya fedha, chumvi ya fedha inayoyeyuka majini, iliyozimuliwa sana, takriban gramu 0.17 kwa lita. Polifenoli za majani huipa fedha elektroni, nayo hujikusanya kuwa vichembe vya nanomita 1 hadi 100 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Ukikaa na chupa mkononi utaona: kwanza rangi ya chai iliyokosa majani, kisha manjano, kisha kahawia. Vichembe hivyo hufyonza mwanga wa nanomita kama 400 hadi 450, na spektrofotomita, mashine inayopima mwanga uliofyonzwa, husoma hapo.

Sampuli yako huongezwa pamoja na fedha kidogo kwenye vichembe vilivyo tayari. Kadiri ilivyo na vizuia-oksidisho (antioxidants) vya aina ya polifenoli, ndivyo fedha zaidi inavyogeuka na usomaji kupanda. Tunaulinganisha na kiasi kinachojulikana cha asidi ya galiki, kemikali ya mimea tunayoitumia kama kipimo. Ndiyo maana majibu yanasomeka "sawa na miligramu kadhaa za asidi ya galiki kwa gramu". Hayasemi "inatibu kisukari".

Na rangi hudanganyika. Vitamini C hugeuza fedha, na baadhi ya sukari pia. Aliyekamulia ndimu kwenye dawa yake atapata kahawia nzuri kuliko jirani yake mwaminifu. Isitoshe, vichembe vilivyotengenezwa kwa majani hubaki vimevaa koti la kemikali za majani hayohayo, kwa hiyo lazima tusome kwanza chupa isiyo na sampuli na kutoa kiasi chake. Tukitaka kujua ni kiambato gani hasa, tunahitaji mashine nyingine, kwa mfano ya Raman, inayotambua kemikali kwa mwanga wa leza: molekuli ikigusa fedha, mwanga wa leza unaorudi huongezeka mno, jambo lililoonekana mara ya kwanza mwaka 1974 huko Southampton, Uingereza.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo mnapotupotezea muda. Leta sehemu ya mmea ikiwa kavu kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana humo huota ukungu. Andika jina la kienyeji, sehemu iliyochumwa (jani, gome au mzizi), mahali na tarehe. Ambatisha tawi lenye ua au tunda, kwa sababu mti mmoja una majina kumi na jina moja lina miti mitatu. Bahasha isiyo na tarehe hatuipokei, hata ukija na mzee wa mtaa.

Usijaribu kufanya kipimo hiki nyumbani. Kijana mmoja alitumia maji ya kisima cha pwani. Kloridi ya chumvi ikaishika fedha na chupa ikageuka nyeupe kama tui. Akaamini amegundua dawa mpya. Kwa Tanzania, Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani Na. 3 ya mwaka 2003 inamtaka anayejishughulisha na kemikali asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kukiuka ni kosa la jinai. Dawa yenyewe ina mlango wake: Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Sheria Na. 23 ya mwaka 2002. Karatasi yetu si cheti cha Baraza, na kuibandika kwenye lebo ni udanganyifu.

Wanaouza "maji ya fedha" ya kunywa tusiwachanganye na kipimo hiki. Fedha ikijilimbikiza mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu-buluu, na haibadiliki tena. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka kwamba dawa za fedha za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kufanya kazi.

Ukimwagikiwa na nitrati ya fedha, osha mara moja kwa maji mengi; ikiingia jichoni, wahi hospitali. Doa jeusi litakalobaki kidoleni halitoki kwa sabuni wala jiki. Litaondoka na ngozi yenyewe baada ya siku kadhaa, usije kupanga foleni dirishani kwetu kwa ajili yake.