Je, wajua kwa nini dawa ya kuku inatafutwa ndani ya kinyesi cha kuku?

Kama umewahi kula kuku halafu tumbo likakutandika siku mbili, huenda ulikutana na Salmonella. Huyu bakteria anaishi kwa matumbo ya kuku na mara nyingi kuku mwenyewe anaonekana yuko sawa tu. Wafugaji wengi huku kwetu kuku wakinyong'onyea kidogo wanakimbia agrovet, wanaleta antibiotiki wanamwaga kwa maji, na bakteria nao pole pole wanazizoea, na dawa zenyewe ni za jamii moja na hizi tunazomeza sisi.

Sasa ILRI, ile taasisi ya utafiti wa mifugo iko pale Kabete, pamoja na Chuo Kikuu cha Laval cha Canada, wamekuwa wakitafuta njia ingine: adui wa Salmonella mwenyewe. Anaitwa faji. Ni virusi, ndio, lakini tulia kwanza, huyu anawinda bakteria peke yao. Anatua juu ya bakteria, anamdunga DNA yake kama sindano, bakteria anageuzwa kiwanda cha kutengeneza faji wengine, halafu baada ya nusu saa hivi ama zaidi anapasuka pwaa! wanatoka makumi kama si mia, kila mmoja anaenda kutafuta wake.

Na kinyesi kinaingiaje? Mwindaji hukaa penye windo. Penye Salmonella wengi, faji wake hawakosi, kwa hivyo mtafiti anabeba kinyesi ama maji taka, anachuja kwa chujio lenye matundu madogo hadi bakteria wanabaki juu faji wakipita, kisha anachanganya hayo maji na Salmonella kwa sahani ya maabara. Kesho yake sahani imefunikwa na utando wa bakteria, ila kama faji alikuwepo utaona vishimo vishimo visafi, kama sweta iliyoliwa na nondo.

Hii kitu si mpya lakini. Mwanasayansi Félix d'Hérelle aliona hivyo vishimo kule Paris, na mwaka wa 1917 akawapa faji jina lao. 1919 akawajaribu kwa kuku wa mashambani Ufaransa waliokuwa wanakufa na homa ya matumbo (ndio, walianza na kuku!), na mwaka huo huo kwa mtoto mwenye kuhara damu, lakini kabla ya mtoto yeye mwenyewe alikunywa kwanza. Baadaye antibiotiki zikakuja, nchi nyingi zikawasahau. Marekani 2006 iliruhusu faji wapuliziwe nyama iliyo tayari kuliwa, kuua Listeria, bakteria mwingine anayeleta ugonjwa kupitia chakula.

Shida iko. Faji anachagua sana, wa Salmonella mara nyingi hagusi bakteria mwingine, na hata Salmonella si wote anawaweza, tena bakteria anaweza kubadilika amkwepe, ndio maana wanachanganywa kadhaa pamoja. Pia kuna faji wabaya: sumu ya kipindupindu jeni zake zililetwa kwa bakteria na faji, so lazima DNA ya kila mmoja isomwe kabla hajapewa kuku.

Nilipomweleza jirani yangu anayefuga kuku akaniuliza, "Virusi tena? Si juzi tu tumetoka kwa korona?" Nikamwambia yeye hula faji kila siku bila kujua, wamejaa kwa mboga na kwa maziwa. Hawa watu wa kiwanda cha mala ndio hawataki kuwasikia, juu faji wakiingia kwa tangi wanamaliza bakteria wa kugandisha, na maziwa yanabaki maji tu.