Fasihi linganishi na hakimiliki: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Goethe, mwandishi wa Kijerumani, ndiye mwanzilishi wa taaluma ya fasihi linganishi, yaani ya kulinganisha fasihi za lugha na mataifa mbalimbali.

Ukweli: Goethe alitoa wito. Januari 1827, baada ya kusoma riwaya ya Kichina iliyotafsiriwa, alimwambia msaidizi wake, Eckermann, kuwa zama za fasihi ya dunia zimewadia. Jarida la taaluma hiyo lilikuja miaka 50 baadaye, 1877, na halikutoka Paris wala Berlin. Lilitoka Kolozsvár, mji wa Hungaria wakati huo (leo ni Cluj-Napoca, Romania), chini ya Hugo Meltzl na Sámuel Brassai. Wawili hawa wanastahili kutajwa darasani kuliko wanavyotajwa sasa.

Dhana: Anayetaka fasihi ivuke mipaka hawezi kutetea hakimiliki.

Ukweli: Goethe huyohuyo, akiwa amechoshwa na wachapishaji haramu, alihangaika kuziomba serikali za nchi za Kijerumani zilinde toleo la mwisho la kazi zake. Naye Victor Hugo, mwandishi wa Kifaransa, aliongoza kongamano la waandishi la Paris mwaka 1878, akapigania haki ya mwandishi huku akisisitiza kuwa jamii nayo ina haki yake juu ya kitabu.

Dhana: Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki ya mwaka 1886, uliwapa waandishi mamlaka kamili juu ya tafsiri tangu mwanzo.

Ukweli: Hapa ndipo palipokuwa na mvutano mkubwa. Ufaransa, iliyouza vitabu vingi nje, ilitaka ulinzi kamili. Nchi zilizotegemea kutafsiri vitabu vya wenzao zilitaka mlango ubaki wazi. Mkataba wa 1886 ukampa mwandishi haki ya kuidhinisha tafsiri kwa miaka 10 tu. Mwaka 1896 haki hiyo ilirefushwa, lakini kwa sharti kwamba tafsiri iliyoidhinishwa iwe imetoka ndani ya miaka hiyo 10. Sharti liliondolewa mkataba uliporekebishwa Berlin, 1908. Kwa hiyo fasihi linganishi ilikua wakati ambapo tafsiri nyingi zilifanywa bila ruhusa na bila kuvunja sheria. Kwa maoni yangu, hatuwezi kuielewa historia ya taaluma hii tukilisahau jambo hilo. Marekani, kwa mfano, haikumlinda mwandishi wa nje hadi 1891.

Dhana: Mkataba huo ulikuwa wa Wazungu peke yao.

Ukweli: Haiti, Liberia na Tunisia zilikuwamo miongoni mwa nchi 10 zilizotia saini, ingawa Tunisia ilikuwa chini ya Ufaransa.

Dhana: Kazi isiyo na hakimiliki ikitafsiriwa, tafsiri nayo ni ya kila mtu.

Ukweli: Shakespeare alifariki 1616, kwa hiyo Mwalimu Nyerere hakuhitaji ruhusa ya yeyote alipoitafsiri Julius Caesar, iliyochapishwa 1963. Lakini Kiswahili kile ni kazi ya Mwalimu. Anayetaka kuchapa upya maneno yake lazima kwanza aangalie haki za tafsiri yenyewe. Anayetaka kuitafsiri tamthilia upya kutoka Kiingereza cha Shakespeare, yuko huru.