Kwa nini Magogoni si Mto Thames: historia ya daraja la London linaloinuka

Kila pantoni moja inapoondolewa kwenye kivuko cha Magogoni, mlangoni mwa Bandari ya Dar es Salaam, kwenda kwenye matengenezo, na foleni ya magari ikarudi nyuma hadi kulipita Soko la Samaki la Feri, sisi tulio katika taasisi zinazoshughulika na barabara hupokea hoja ileile kwa maneno yanayofanana: kwa nini Dar es Salaam isijengewe daraja linalofunguka katikati, kama lile la London, ili meli ipite, daraja lirudi mahali pake na wakazi wa Kigamboni waendelee na safari zao. Hoja hii inatolewa kwa nia njema na inastahili jibu kamili. Jibu hilo haliwezi kueleweka bila kujua daraja la London lilitokana na shida gani, linaendeshwa kwa taratibu zipi, na ni nani amekuwa akisubiri kwa zaidi ya miaka 130 tangu lilipofunguliwa. Makala haya ni ya elimu kwa umma. Hayatangazi mradi wowote wala hayafuti mpango wowote ulio mikononi mwa mamlaka husika.

Lirekebishwe kwanza jambo moja linalorudiwa mno. Daraja lenye minara miwili linaloonekana kwenye picha zinazosambazwa si London Bridge. London Bridge ni daraja jingine, liko upande wa juu wa mto, na halifunguki. Linaloinuka ni Tower Bridge, lililopewa jina la ngome ya kale iliyo jirani yake.

Katika karne ya 19 bandari ya London ilikuwa ndani ya mji wenyewe. Meli zenye milingoti mirefu zilipanda Mto Thames na kushusha shehena katika eneo la Pool of London, ambalo upande wa juu lilikomea kwenye London Bridge. Wakati huohuo mji ulikuwa ukipanuka kwa kasi kuelekea mashariki, ambako hapakuwa na daraja hata moja, kwa sababu daraja la kawaida lingewafungia meli njia ya kufika gatini. Mwaka 1870 lilichimbwa handaki jembamba chini ya mto, Tower Subway, ambalo waenda kwa miguu walilipia nusu peni kupita, lakini handaki hilo halikuweza kupitisha mikokoteni wala magari ya farasi. Mwaka 1876 iliundwa kamati maalumu ya kutafuta ufumbuzi, na michoro zaidi ya 50 ikawasilishwa. Mmojawapo ulitoka kwa Joseph Bazalgette, mhandisi mashuhuri aliyeijengea London mfumo wake wa majitaka, nao ukakataliwa kwa kuwa haukuacha kimo cha kutosha kwa meli kupita. Hatimaye ulikubaliwa mchoro wa msanifu Horace Jones akishirikiana na mhandisi John Wolfe Barry.

Mwaka 1885 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya daraja hilo, na hapa ningependa msomaji atulie kidogo, kwa sababu sheria hiyo ndiyo iliyoliwekea daraja vipimo vyake. Sheria iliagiza kwamba nafasi ya kupita meli iwe na upana wa mita 61, na kwamba daraja likiwa wazi kimo kutoka majini kiwe cha mita 41. Kwa maneno mengine, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, wenye meli walikuwa wamekwisha kuhakikishiwa kwamba daraja halitawapunguzia chochote. Atakayesubiri alikwisha kuamuliwa kisheria, naye ni mtumiaji wa barabara.

Ujenzi ulianza mwaka 1886 na kuchukua miaka minane. Nguzo mbili kubwa za zege zilizamishwa kwenye sakafu ya mto, chuma cha pua kisichopungua tani 11,000 kikaunda mifupa ya minara na njia, kisha chuma hicho kikavikwa mawe ili daraja lisipishane sura na ngome iliyo jirani. Jones alifariki dunia mwaka 1887, kazi ikiwa bado changa, na Wolfe Barry akaiendeleza hadi daraja lilipofunguliwa tarehe 30 Juni 1894. Fedha zilitoka kwenye mfuko wa kale wa kutunza madaraja ya London, Bridge House Estates, ambao tayari ulikuwa na karne kadhaa wakati huo. Ndiyo maana hapakuwekwa tozo.

Katikati ya minara kuna mabawa mawili, kila moja likiwa na uzito unaozidi tani 1,000. Kila bawa limefungwa kwenye ekseli kubwa, na upande wa nyuma, ndani ya nguzo, kuna uzani wa kusawazisha, hivyo linainuka kama mkono wa mizani ya dukani ambayo pande zake zinakaribia kulingana: nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Hapo awali injini za mvuke zilisukuma maji kwenye matangi ya mgandamizo, na nguvu iliyohifadhiwa humo ndiyo iliyoinua mabawa yalipohitajika. Mwaka 1976 mfumo huo uliondolewa na kuwekwa wa mafuta na umeme. Mabawa yanaweza kuinuka hadi nyuzi 86, yaani karibu wima.

Wananchi wengi hudhani kwamba ugumu wa daraja la aina hii ni mitambo. Mitambo ni sehemu iliyo rahisi. Ugumu uko kwenye utaratibu, na ninaomba niueleze kwa kirefu kwa sababu ndiyo kazi yetu ya kila siku. Tangu mwanzo, mchana mikono myekundu ya ishara iliyofungwa kwenye nguzo ilionyesha hali ya daraja. Usiku taa mbili nyekundu zilimaanisha limefungwa kwa meli, na mbili za kijani limefunguliwa. Ukungu ulipotanda iligongwa kengele kubwa. Meli nayo iliyotaka kupita ililazimika kutundika juu kabisa tufe jeusi lenye kipenyo kisichopungua sentimita 60, au taa mbili nyekundu wakati wa usiku, na kupiga king'ora cha mvuke mara kwa mara kwenye ukungu. Tufe jeusi likitundikwa katikati ya njia za juu za waenda kwa miguu za daraja lenyewe, maana yake ilikuwa kwamba haliwezi kufunguliwa. Ishara hizo zilirudiwa takriban mita 900 upande wa chini wa mto, kwenye gati la Cherry Garden, ili nahodha ajue mapema na asije kukuta njia imeziba akiwa hana tena nafasi ya kusimamisha chombo. Siku hizi chombo chenye mlingoti au muundo wa juu wa mita 9 au zaidi kinatakiwa kutoa taarifa angalau saa 24 kabla. Hakilipi chochote. Kikishapangiwa muda wake, chombo cha majini ndicho chenye haki ya kwanza, na magari hufungiwa geti.

Haki hiyo haina upendeleo wa cheo. Mwezi Mei 1997 msafara wa Rais wa Marekani, Bill Clinton, aliyekuwa na Waziri Mkuu Tony Blair mjini London, ulikatwa vipande viwili kwa sababu daraja liliinuliwa kupisha jahazi moja lililokuwa na miadi yake. Naomba kila anayependekeza daraja kama hilo Magogoni ajiulize kama yuko tayari kuuishi utaratibu huo saa moja asubuhi akiwahi kazini Posta, mgonjwa akiwa ndani ya gari la wagonjwa nyuma yake.

Zaidi ya hayo, utaratibu unategemea watu wawili au watatu kutimiza wajibu wao kwa sekunde ileile. Tarehe 30 Desemba 1952 mlinzi wa zamu hakufunga geti wala hakupiga kengele ya tahadhari, na bawa la kusini likaanza kuinuka basi la njia namba 78 likiwa juu yake. Dereva, Albert Gunter, aliona barabara ikikatika mbele yake, akaongeza mwendo na kulirusha basi hadi bawa la kaskazini, ambalo lilikuwa halijaanza kupanda. Hakuna aliyeumia vibaya, na uongozi wa jiji ulimpa zawadi ya pauni 10. Kisa hiki husimuliwa kwa ushujaa wake, nasi tunakitumia kwa sababu nyingine: geti lilipokosa kufungwa mara moja tu, kilichobaki kati ya abiria na mto kilikuwa uamuzi wa dereva mmoja. Katika jiji hili bado tunaona bodaboda wakipenya pembeni ya kizuizi cha reli wakati treni inasikika, na magari yakisimamishwa juu ya madaraja makubwa ili watu wapige picha. Kusimamisha gari darajani ni kosa la usalama barabarani. Mhusika huandikiwa faini ya shilingi 30,000 na kuilipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, si kwa fedha taslimu mkononi mwa askari. Kwenye daraja linaloinuka, tabia hiyohiyo haiishii kwenye faini.

Lipo pia suala la waenda kwa miguu. Wajenzi wa Tower Bridge waliweka njia mbili juu kabisa, kati ya minara, ili watu wavuke hata mabawa yakiwa yameinuliwa. Watu hawakuzitumia. Walipendelea kusimama chini na kusubiri kuliko kupanda ngazi, na njia hizo zikafungwa mwaka 1910. Zilifunguliwa tena mwaka 1982 kwa ajili ya watalii. Anayejua jinsi watu wanavyokatiza barabara chini ya daraja la waenda kwa miguu la Manzese hatashangaa.

Jambo ambalo wapendekezaji hulikosa karibu kila mara ni kwamba Tower Bridge linavumilika leo kwa sababu bandari iliondoka. Katika mwaka wake wa kwanza liliinuliwa zaidi ya mara 6,000. Makasha yalipoanza kutawala usafirishaji, meli kubwa zilihamia Tilbury, karibu zaidi na bahari, na gati za St Katharine zilizo kando ya daraja zilifungwa mwaka 1968. Sasa linainuliwa takriban mara 800 kwa mwaka, zaidi kwa mashua za tanga na vyombo vya matembezi. Aidha, magari yenye uzito unaozidi tani 18 hayaruhusiwi kupita na mwendo hauzidi maili 20 kwa saa. Kamera husoma namba za magari yanayokwenda kasi na wenye magari hayo huandikiwa faini, na vihisi vilivyofukiwa barabarani hupima uzito na idadi ya ekseli.

Dar es Salaam iko kinyume kabisa. Mlango wa Magogoni ndio njia pekee ya meli kuingia bandarini, na bandari haiondoki. Lango lake limeongezwa kina hadi mita 15.5 ili lipokee meli zenye urefu unaokaribia mita 300. Meli ya namna hiyo, ikisukumwa na upepo na maji ya kujaa, haipitishwi kwenye upenyo wa mita 61. Yaliyotokea Baltimore, Marekani, tarehe 26 Machi 2024 yanatosha kueleza tahadhari yetu: meli ya makasha Dali ilipoteza umeme, ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key, wafanyakazi sita waliokuwa wakikarabati barabara wakafa, na njia ya meli haikurejea katika hali yake kamili hadi mwezi Juni. Daraja lile halikuwa hata la kufunguka. Wapo wanaotaja Liwatoni, Mombasa, ambako daraja linaloelea lenye sehemu ya kufunguka lilianza kutumika mwanzoni mwa 2021. Lile lilijengwa kwa waenda kwa miguu, kupunguza msongamano wa kivuko cha Likoni. Malori ya mafuta yanayotoka kwenye maghala ya Kigamboni, ambayo kwa sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito yanaweza kufika tani 56 kwa jumla, hayapiti kwenye daraja la namna hiyo, na yasingeruhusiwa hata kwenye Tower Bridge.

Hii ndiyo sababu Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680 na lililozinduliwa tarehe 19 Aprili 2016, lilijengwa Kurasini. Mkono wa bahari unaovukwa pale uko nyuma ya gati za bandari, hivyo meli za shehena hazina haja ya kupita chini yake na magari hayana haja ya kuzisubiri. Si kweli kwamba wahandisi walishindwa kujenga Magogoni, wala si kweli kwamba waliwaficha wananchi njia fupi. Umbali ulioongezeka kwa anayetoka Posta ni gharama halisi, tunaikubali, na tozo ni mzigo wa pili juu yake. Mradi ulilipiwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii pamoja na Serikali, na fedha za mfuko ni michango ya wanachama inayopaswa kurejeshwa.

Anayetaka kuendelea kupendekeza kivuko cha aina nyingine Magogoni ana haki hiyo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mradi mkubwa wa namna hii haujengwi kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini hiyo huhusisha kusikiliza maoni ya wananchi wa eneo husika. Mkutano unapotangazwa katika kata yako, hudhuria, jiandikishe na uwasilishe maoni kwa maandishi, ukitaja mahali unapotaka kivuko kianzie na kiishie, aina ya magari yatakayokitumia, na muda ambao uko tayari kusubiri meli ipite.