The Doors haikuzikwa na Jim Morrison

Wapenzi wengi wa roki husimulia hivi: Jim Morrison, mwimbaji wa kundi la Kimarekani The Doors, alifariki Paris tarehe 3 Julai 1971, na The Doors ikaishia hapo. Sivyo. Wenzake watatu, Ray Manzarek, Robby Krieger na John Densmore, walikuwa wameshaanza kuandaa nyimbo mpya Los Angeles wakimsubiri arudi. Hakurudi. Manzarek na Krieger wakashika maikrofoni wenyewe, na Oktoba mwaka huohuo ikatoka albamu Other Voices.

Mimi huvutiwa zaidi na ile iliyofuata, Full Circle ya 1972. Humo Charles Lloyd, mtu wa jazi, anapuliza filimbi, na Krieger anamlalamikia mbu kwa Kihispania. Wimbo huo wa mbu unaanza kama mzaha, kisha kinanda na gitaa vinauteka. Jalada la santuri lilikuja na karatasi ya kukata na kuunda kichezeo: ukikizungusha, picha zinaonekana kutembea. Pengo la Morrison linasikika, tusidanganyane. Mauzo yalishuka, kundi likavunjika 1973, na albamu zote mbili zikakaa miaka mingi bila kutolewa upya. Ndiyo maana wengi hawakujua kama zipo.